Baina ya Kibao Cheupe na Cheusi

Nilipoteremka katika stesheni ya Nakuru mwaka 1965, mkononi nina begi la nguo na begani nimebeba udi uliofungwa ndani ya shuka, sikuwa na nia ya kukaa zaidi ya mwezi mmoja. Kwani mtu aliyetoka kwao kwa jahazi, kama tulivyotoka wengi wetu Unguja baada ya Januari 1964, hajioni kuwa amehama, bali hujihesabu kuwa msafiri aliyecheleweshwa na upepo. Mombasa nilikuwa nimepiga fidla mwaka mzima katika harusi za watu kwa ujira wa sahani ya pilau na shilingi mbili tatu, na wapigaji fidla huko hawakuwa haba. Ndipo binamu yangu, aliyekuwa akiuza vitambaa katika mtaa wa Bondeni, akaniandikia kuwa bara kuna baridi, kuna viazi, na hamna mtu ajuaye hata kukaza nyuzi za fidla. Katika hayo matatu, mawili yalikuwa kweli.

Elimu niliyokuja nayo haikuwa ya vitabu. Taarabu ya Unguja ilitia mizizi katika enzi za Sayyid Barghash, na vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, vikaikuza kwa ala za Kimisri; nami nilifunzwa na mjomba wangu, mpigaji kanuni, ambaye kabla ya kuniruhusu kushika upinde alinitaka niiimbe makamu ya Rasti asubuhi na jioni mpaka sauti yake ya tatu, ile iitwayo Sika, itulie mahali pake. Mahali pake si penye mi ya Wazungu, wala si penye mi yao iliyoshushwa. Ni katikati hasa, na kwenye piano haina kibao, kwa kuwa iko baina ya kibao cheupe na cheusi, pale penye ufa wa kupitisha vumbi tu. Sikujua wakati ule kuwa riziki yangu ya miaka sitini itanitaka niusahau ufa huo.

Bara ilianza kunifunza kabla sijamfunza mtu. Nakuru imekaa juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,800, na mwezi wa Januari hewa yake hukauka hata midomo ikapasuka. Basi usiku mmoja nimelala nikasikia mlio kama wa kuni iliyovunjwa gotini, nikawasha kibatari, nikaona uso wa udi umepasuka kutoka tunduni hadi karibu na mkia. Ala iliyozaliwa katika unyevu wa pwani haikuistahamili hewa ile. Nikaupeleka kwa mwalimu mmoja wa muziki, Mgoa wa makamo aliyekuwa akifundisha piano na fidla watoto wa Wahindi wenye maduka na wa masetla waliosalia, naye akaziba ufa kwa gundi ya ngozi na kijiti chembamba kama kucha, kisha akanifungulia ubao wa chini wa piano yake na kunionyesha mkebe wa jamu uliojaa maji. "Kila Jumatatu najaza," akasema. "Hata piano hapa inaona kiu." Tangu siku ile ndani ya sanduku la udi wangu hamkosi kisahani cha sabuni chenye kitambaa kibichi.

Mwalimu yule alinipa wanafunzi wake wadogo wa fidla, shilingi 5 kwa saa, naye akichukua mbili katika hizo kwa ajili ya chumba chake. Na nilipopata wanafunzi wanane niliweza kulipa kodi, kula mara mbili kwa siku na kumpelekea mama kidogo. Ila palikuwa na sharti. Siku ya pili tu, binti wa miaka tisa alinitazama vidole, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hiyo sauti yako imeanguka." Kidole changu kilikuwa kimekwenda chenyewe kwenye Sika. Nikakipandisha. Nikakipandisha siku hiyo, na kesho yake, na mwaka uliofuata, mpaka kikakoma kwenda huko bila ya kuamriwa.

Enzi hizo masetla walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka, na piano zao zikauzwa kwenye minada ya Njoro na Molo pamoja na majembe na ng'ombe, nyingine kwa bei ya kabati. Mwaka 1968, Waasia wengi walipokuwa wakikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa, mwalimu wangu naye aliondoka, akaniachia piano yake nilipe kwa awamu, pamoja na wanafunzi kumi na mmoja na mkebe wa jamu. Nilijifunza piano usiku, mbele ya wanafunzi wangu kwa kurasa nne tu. Mtu asinicheke; walimu wengi wameishi hivyo.

Wanafunzi wale nao wakapungua kwa safari zilezile za ng'ambo, na riziki ikahamia kanisani. Hapa ndipo baadhi ya jamaa zangu wa Bondeni waliponishangaa: Mwislamu, mwana wa Unguja, yuko madhehebu haya Jumatano na yale Ijumaa jioni, akiandika ubaoni do, re, mi, fa kwa chaki na kuwapanga akina mama wa sauti ya kwanza na wanaume wa besi. Shekhe mmoja aliniita nikanywe kahawa kwake. Nikamweleza kuwa mimi naandika tu hesabu za sauti, na mwenye kuziabudia ni mwingine. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza wananilipa kiasi gani, nilipomtajia, akasema, "Basi waongezee saa moja." Sikumsikia tena akilitaja jambo hilo.

Neema kubwa ilikuja baada ya 1985, serikali ilipoleta mfumo wa 8-4-4, na muziki ukawa somo la mtihani hata katika shule za msingi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililokuwapo tangu 1927, likawa jambo la heshima ya kila mwalimu mkuu, kwani waliofika kileleni huimba mbele ya Rais. Na kila shule baina ya Gilgil na Molo ikawa inatafuta mtu wa kuinoa kwaya yake. Nilizunguka kwa matatu nikiwa na uma wa kupimia sauti mfukoni. Nililipwa kwa fedha, kwa magunia ya viazi, na mara moja kwa ahadi ya mbuzi ambaye hadi leo hajafika.

Katika miaka hiyo nilitenda jambo ambalo nalikumbuka kuliko tuzo zote. Katika shule moja ya juu, upande wa Londiani, mvulana wa Kikipsigis alileta chepkong, kinanda cha nyuzi cha babu yake, ili kwaya iimbe wimbo wa kiasili kwa ala yake yenyewe. Lakini mwalimu mkuu alitaka pia kinanda cha umeme kiwemo, na vile viwili havikupatana hata kidogo. Akaniambia nitengeneze kile cha nyuzi. Nyuzi za chepkong hukazwa kwa kuviringishwa juu ya mti wa mbele pamoja na vitambaa, nawe husokota kitambaa na sauti ikapanda. Nikasokota vyote, kimoja kimoja, mpaka vikalingana na vibao. Babu mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni. Hakusema neno. Mazoezi yalipokwisha akakichukua kinanda chake magotini, akavilegeza vile vitambaa bila ya haraka, akigusa uzi na kusikiliza, akigusa na kusikiliza, na uzi wa tatu alipouachia nikausikia umekaa mahali ninapopajua. Nilitaka kumwambia. Kikipsigis sikukijua, na matatu ya mwisho ilikuwa ikipiga honi.

Mwanzoni mwa karne hii muziki ukaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na walimu wakuu walewale hawakuwa tena na namba yangu. Januari 2008 mji ulipowaka, wanafunzi wangu walitawanyika, nami nikalala wiki mbili kwa jirani. Kisha nilinusurika kwa vijana wa kanisani waliotaka kupiga kinanda cha umeme haraka haraka, ambao mama zao huniuliza kabla ya salamu kukamilika, "Mwalimu, huyu atajua lini kucheza za kanisa?" Mtaala wa Umilisi ulipokuja, watoto wa gredi ya nne walitakiwa wawe na filimbi ya plastiki, wazazi wakanung'unika, na mimi mzee wa miaka zaidi ya sabini nikajikuta tena na foleni mlangoni; na tangu Nakuru ipandishwe hadhi kuwa jiji mwezi wa Desemba 2021, ada yangu nimeiongeza kidogo, kwa kuwa hata kinyozi ameongeza.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa Section 58, kijana wa miaka kumi na sita, alikuja na kinanda kipya alichonunuliwa na mjomba aliye Doha. Alikuwa akibofyabofya vitufe ili ajue kazi zake, na mimi nilikuwa nikitafuta miwani yangu, aliposhuka kutoka do kwenda chini akarudi juu: do, re, na kisha ikaja Sika. Nilisimama. Akapiga tena, akaikunjia uso, akanigeukia.

"Mwalimu, hii mi imeharibika?"

Nikasogea nikaona kwenye kioo kidogo safu ya vibao kumi na viwili, na chini ya kimoja namba hamsini yenye alama ya kutoa. Amekishusha robo bila ya kujua, kwa kitufe kimoja. Akanyoosha kidole airudishe. Nikamwomba aiache hivyo hivyo, nikaenda chumbani kuuchukua udi, na kitambaa kilichokuwa kisahanini nikakikuta kimekauka.