Magugu ya Tana, Majibu ya Nairobi

Wengi wenu mwatujua kwa mashamba ya Tana: Hola, Bura, Garissa na vijiji vilivyojipanga kando ya mto, ambako kazi yetu ni kuwashauri wakulima jinsi ya kupambana na magugu katika nchi kame. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya jangwani hufanyika Nairobi, katika jiji la baridi na manyunyu lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako mkulima wa Garissa, mwenye mvua ya milimita 300 na kitu kwa mwaka mzima, angestaajabu kuona majani yanachipua hadi katika nyufa za kuta. Sheria ziko huko. Maabara ziko huko. Na mimea mingi inayotusumbua leo ilijadiliwa huko, katika vyumba vyenye mazulia, kabla haijafika kwetu.

Safari hii tulikwenda na kifurushi cha magazeti ya zamani, na ndani yake mimea sita iliyokaushwa. Ilikuwa imeng'olewa ukingoni mwa mfereji wa maji, katikati ya matikitimaji na vitunguu, na hakuna aliyeitambua kwa yakini. Wazee walisema haikuwako zamani. Akina mama wanaopalilia walilalamika kwamba mikono inawawasha na kutoka vipele. Vuli ilikuwa inakaribia, na kundi zima la wakulima lilitaka jibu kabla ya kupanda.

Tulifika mjini asubuhi, na kama ada yetu tulianzia Banda Street, ulipo Msikiti wa Jamia na kuba zake tatu. Msikiti huo ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na kwa mtu wa Pwani aliyeshuka kwenye basi akiwa na vumbi la Tana masikioni, hakuna pahali pengine katikati ya jiji panapompokea vizuri zaidi. Maji ya kutawadha ni baridi kweli kweli. Nyuma yake iko maktaba ya McMillan, na hatua chache kutoka hapo lipo soko la Muindi Mbingu Street, lenye maua ya kila rangi. Tulisimama kuyatazama, maana jicho la mtu wa kazi yetu halipumziki: baadhi ya maua yanayouzwa pale kwa shada yana ndugu zake wanaoitwa magugu huko mashambani.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi City Hall Way, penye jengo la mawe ambalo leo ni la Mahakama ya Juu. Hatupiti mbele ya mahakama ya Nairobi bila ya kumkumbuka mbuzi. Mwaka 2006 wananchi wa jamii ya Ilchamus, kutoka Marigat karibu na Ziwa Baringo, waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi kwa sababu ya mti wa mathenge, na miongoni mwa ushahidi wao akaletwa mbuzi asiye na meno. Maganda ya mathenge yana sukari nyingi. Mbuzi huyapenda, huyatafuna msimu baada ya msimu, na mwisho meno huoza yakang'oka. Mbuzi asiye na meno hali, na asiyekula hufa. Magazeti yalicheka sana siku hizo. Sisi hatukuona cha kuchekesha, kwani tumeona mbuzi wa namna hiyo Bura, na tumeona mwenyewe akimtazama.

Yafaa tueleze, kwa faida ya vijana, mti huu ulivyotufikia, kwa kuwa ulianzia kwetu Pwani. Kumbukumbu za mwanzo za mathenge nchini Kenya ni za mwaka 1973, mbegu zilipoletwa kutoka Brazili na Hawaii na kupandwa Bamburi, Mombasa, ili kufunika machimbo ya mawe ya saruji yaliyobaki uchi kama mfupa. Pale ulifanya kazi uliyotumwa. Katika miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, na pia Bura na Hola, ili wakaazi wapate kuni na kivuli na ili msitu wa kando ya mto usikatwe wote. Nia ilikuwa njema, na huu si ubishi wetu na waliopanda. Lakini mti huo hutuma mizizi chini mno kutafuta maji. Jamaa yake wa Marekani amewahi kukutwa na mizizi zaidi ya mita 50 ardhini. Mifugo hula maganda na kutoa mbegu katika kinyesi, zikiwa zimelainishwa tayari kwa kuota. Mafuriko ya Tana huzibeba. Leo umeziba mifereji ya umwagiliaji, umefunga njia za ng'ombe kwenda mtoni, na miiba yake hutoboa hata tairi la trekta. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa gugu hatari chini ya sheria ya kuangamiza magugu, Sura 325. Tangazo lilichapishwa Nairobi. Mathenge wa Hola hakulisoma.

Kwenye kilima cha Makumbusho ya Taifa, pale jiji linapoanza kugeuka kuwa Westlands, ndipo tulipokuwa na miadi. Ndani ya uwanja wa makumbusho imo Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Ilianzia Amani, katika milima ya Usambara nyuma ya Tanga, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Inakadiriwa kuwa na vielelezo milioni moja hivi: kila mmoja umebandikwa kwenye karatasi ngumu, umeandikwa ulipochumwa, siku iliyochumwa na mkono uliouchuma. Kuna harufu pale ambayo hatujaikuta penginepo, mchanganyiko wa majani makavu, dawa ya kuzuia wadudu na makabati ya zamani. Tulipofunguliwa kabati moja, tulikuta mimea ya mwambao wetu iliyochumwa kabla baba zetu hawajazaliwa, na rangi ya ua bado imo.

Mtaalamu aliyetupokea hakuhitaji muda mrefu. Aliutazama mmea wetu wa kwanza kwa lenzi, akayagusa majani yaliyochanika kama ya karoti, akavitazama vichwa vidogo vyeupe vya maua, kisha akaleta karatasi tatu za zamani na kuziweka kando ya magazeti yetu. Ilikuwa ni ndugu mmoja na ndugu zake. Gugu karoti.

Tulikuwa tumelishuku, lakini kushuku si kujua, na katika kazi hii tofauti ya mambo hayo mawili ni gharama ya msimu mzima. Gugu karoti lina asili ya Amerika. Linaweza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, na mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu elfu kumi na zaidi, nyepesi, zinazosafiri kwa maji, kwa matope ya magurudumu na kwa mzigo wa majani makavu ya mifugo. Sumu yake huwasha ngozi na kubana kifua, na ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Vile vipele vya akina mama vilikuwa na jina sasa.

Jambo lililotuumiza moyo lilikuja nusu saa baadaye. Tulipanda matatu kuelekea magharibi, tukapita Westlands chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, na pale msongamano ulipotusimamisha kwenye Waiyaki Way tukatazama nje dirishani. Juu ya rundo la udongo kando ya barabara lilikuwa limesimama gugu karoti, kiunoni urefu wake, linachanua kwa raha zake, na lori la mchanga limeegesha juu yake. Hatuna ushahidi kwamba la Hola lilitoka hapo. Lakini lori husafiri.

Magharibi ya Nairobi ni pahali pa ajabu kwa mtu mwenye macho ya magugu. Uzio wa nyumba za Loresho umetandwa na nyuzi za manjano kama tambi: huo ni mlangamia, usio na majani wala mizizi ya ardhini, unaonyonya utomvu wa mti ulioubeba. Wapita njia huusifu kwa uzuri. Upande wa kusini, karibu na Ikulu, ipo Arboretum, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingefaa kupandwa nchini. Ni bustani nzuri, na familia nyingi huenda kupumzika huko Jumapili. Sisi kila tukiingia hujiuliza ni mti upi kati ya hiyo ungekuwa mathenge lau ungepelekwa penye joto. Nairobi ina bahati: baridi yake huizuia miti mingi isifanye yale ambayo ingeyafanya kwetu.

Kangemi tulishuka kula. Soko lake lina mboga za kienyeji nyingi kuliko soko lolote tunalolijua, na hapo taaluma yetu huchekwa hadharani. Mnavu, ambao wao huuita managu, umefungwa mafungu marefu. Mgagani upo. Mchicha wa porini, unaoitwa terere, upo. Huko Tana vitu hivi hivi hung'olewa na kutupwa ukingoni mwa kitunguu. Mama mmoja aliposikia tukilitaja jina mathenge, aligeuka akauliza tunamtafuta Mathenge yupi, maana kwa Wakikuyu hilo ni jina la mwanamume wa heshima. Tulimweleza. Alisikitika kwa niaba ya wenye jina.

Mbele ya Kangemi, upande wa Loresho na Kabete, ndipo zilipokusanyika ofisi za kilimo: makao makuu ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, maabara zake za taifa zinazopima udongo, bodi ya PCPB, inayosajili dawa zote za wadudu na magugu, na kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Msomaji mwenye shamba na alishike hili: dawa halali nchini huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi za PCPB kwenye kibandiko chake. Chupa isiyo na namba irudishwe dukani, hata ikiwa muuzaji ni jamaa.

Tulikaa Kabete hadi alasiri tukizungumza juu ya maji. Hili huwashangaza watu wa nyanda za juu, ambao huchota maji safi bombani na kuchanganya dawa bila ya wasiwasi. Glaifoseti, dawa ya magugu inayotumika zaidi duniani, hushikwa na chembe za udongo na kupoteza nguvu. Na maji ya Tana, kama mjuavyo, yana rangi ya chai ya maziwa. Mkulima anayechota mtoni na kupulizia papo hapo amenunua dawa ili kuupulizia udongo uliomo ndani ya bomba lake mwenyewe. Maji yatulizwe katika pipa usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa. Isitoshe, gugu lililo na kiu hufunga majani yake kwa nta na vumbi, halinywi dawa. Lipuliziwe asubuhi, siku chache baada ya kumwagilia, upepo ukiwa umelala. Tumeona shamba la nyanya likijikunja lote kwa sababu jirani alipulizia dawa ya mahindi saa saba mchana, na upepo wa jangwa ukaibeba.

Hata hivyo hatupendi kuanza na chupa. Kule kwetu njia bora mara nyingi ni maji yenyewe: mwagilia shamba tupu kabla ya kupanda, yaache magugu yadanganyike yaote, kisha yakwangue kwa jembe juu juu bila ya kuchimbua udongo, ndipo upande. Ndago nayo, yenye kujificha katika viazi vyake ardhini, huchimbuliwa wakati wa kiangazi na kuanikwa. Jua la Garissa huvikausha viazi hivyo vikafa. Mathenge mchanga hukatwa chini ya shingo ya mzizi, futi moja hivi ardhini, la sivyo huchipua tena mashina kumi penye shina moja.

Kwa gugu karoti shauri lilikuwa fupi. Ling'olewe kabla halijatoa ua, udongo ukiwa na unyevu, lisiguswe kwa mkono mtupu, na lililochanua lichomwe palepale lisiburutwe shambani. Tulimpigia simu mwenyekiti wa kundi kutoka Kabete, tukiwa tumesimama chini ya mti kwa sababu ya mvua. Aliuliza mara mbili jina la gugu, kisha akauliza ni siku ngapi zimebaki. Tukahesabu pamoja tangu siku lilipoonekana mara ya kwanza: hazikuzidi kumi.

Basi hatukulala Nairobi. Tulirudi mjini jioni, tukaswali magharibi Jamia, tukashuka hadi River Road kwenye maduka ya pembejeo kutafuta glovu. Tulizunguka maduka manne kabla ya kuzipata, jozi arobaini za kipimo kidogo, kwa maana wanaopalilia Hola ni akina mama na wasichana, na zilizokuwa zimetundikwa mlangoni zote zilikuwa za mikono ya wanaume.