Chai ya Saa Nne

Nafundisha shule ya msingi upande wa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Shule zilifungwa Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Zilipofunguliwa tarehe 12 Oktoba kwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, nilipewa zamu ya langoni. Nilikishika kipimajoto kama askari anavyoshika bunduki. Mtoto asiye na barakoa nilimrudisha nyumbani. Kuna mvulana mmoja niliyemrudisha zaidi ya mara moja, nami nikijua vyema kwamba analelewa na nyanyake katika chumba kimoja cha kupanga.

Niliamini hatari ni watoto. Darasani nilisimama mbali nao, na kengele ya saa nne ikilia nilikimbilia majilisi ya walimu. Humo tuliketi bega kwa bega, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, barakoa zimeshushwa kidevuni, chai na mandazi vikizunguka, nasi tukilaumu uzembe wa wazazi.

Novemba wimbi la pili lilikuwa limepanda, na habari za walimu kufariki zikaanza kutufikia. Asubuhi moja chai yangu haikuwa na ladha wala harufu. Nilijua maana yake. Redio zilikuwa zimetwambia kwa miezi. Nikanyamaza. Kama nawe umewahi kunyamaza hivyo, unajua jinsi sababu zinavyopatikana upesi. Niliogopa macho ya majirani, niliogopa karantini, na zaidi niliogopa kusemwa kwamba mwalimu wa langoni ndiye mgonjwa. Kipimajoto hakikunifichua kwa sababu sikuwa na joto. Ndivyo virusi hivi vilivyo: mtu huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla ya kuhisi lolote, na wengine hawapati homa kamwe.

Mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani twamwita cucu, aliniona nimechoka akawa ananiletea uji chumbani. Siku chache baadaye kifua kilimbana. Hospitalini aliwekewa oksijeni. Mume wangu aliuliza ugonjwa umetoka wapi, nami nikatazama sakafu.

Mungu alimrudisha. Alipopata nguvu za kuketi nje nilimwambia, “Cucu, ni mimi niliyekuambukiza. Nilijua, nikaficha.”

“Nilijua,” akasema. “Uliacha kulalamikia chumvi kwenye mboga.”

“Mbona basi uliendelea kuniletea uji?”

“Sasa ungekula nini?”

Tangu utotoni nimehubiriwa neema. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kunitia haya.

Nilirudi shuleni nikawaeleza wenzangu yote. Wawili wakakiri kwamba nao walipoteza harufu wiki ile ile. Tukaanza kunywa chai nje, chini ya mti. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Uingereza, walipochunguza shule zilizofunguliwa katikati ya 2020, waliona maambukizi mengi yakipita baina ya wafanyakazi wenyewe kuliko baina ya wanafunzi. Sikushangaa.

Nyanyake yule mvulana wa langoni hakuwa mwepesi wa kusamehe kama cucu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akapokea barakoa za kitambaa nilizomshonea mjukuu wake, akafunga mlango. Sikumlaumu.

Machi 2021 chanjo iliwasili nchini, na walimu tuliwekwa miongoni mwa waliotangulia. Mwezi huo huo Nakuru ilifungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos. Zamu ya wenye umri wa miaka 58 na zaidi ilipofika nilimpeleka cucu kuchanjwa. Muuguzi akamuuliza kama amewahi kuugua korona.

“Tuliugua,” akajibu, akakunja mkono wa sweta.