Tabo Haichaguliwi kwa Macho

Namshukuru Mungu kwamba naandika haya lori letu likiwa barabarani, na deni la chama cha akiba na mikopo likiwa limelipwa lote. Kuna kipindi majirani walikuwa wameshaanza kulipigia lori hesabu ya chuma chakavu. Natoa ushuhuda huu kwa wenye malori ya zamani wanaopita pale tulipopita sisi: gari linakula dizeli, halivuti, kila fundi ana lake, na rejesho la mwezi halisubiri.

Sisi ni watu wa Njombe. Tunateremsha viazi na mbao Dar es Salaam, tunapandisha saruji na mabati. Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva. Alipopatwa na kiharusi, usukani aliushika mdogo wake, na mimi nikashika daftari la mapato na matumizi. Gari ni Scania 113, injini ya lita 11, silinda 6, yenye tabo, inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, na intakula ya kupoza hewa hiyo. Malori hayo yalianza kutoka kiwandani Sweden mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo unayakuta barabara ya Tunduma kwa sababu injini yake ni vumilivu. Nasi tuliujaribu uvumilivu huo hadi mwisho.

Tabo ya mwanzo ilikufa gari likiwa na mzigo. Lilitoa mlio mwembamba, likatoa moshi wa bluu, kisha nguvu ikakatika. Gerejini walipoifungua walikuta shafti inacheza na feni ya upande wa hewa imesaga kava lake. Hakuna aliyeuliza kwa nini imekufa. Muuzaji wa spea alitutolea nyingine iliyotoka kwenye injini kubwa zaidi. "Chukua hii, mama," aliniambia. "Kubwa ndiyo nguvu. Kitonga utaipanda unaimba." Boliti zilikaa sawasawa kwenye manifodi, na kwake huo ulikuwa ushahidi tosha.

Kitonga hatukuimba. Mlima ule, kwa asiyeujua, una kona kali zinazofuatana, na lori lenye shehena hupanda kwa gia nzito na mizunguko ya chini. Hapo ndipo tabo kubwa inapoumbuka. Feni yake ya moshi ni pana na nzito. Moshi wa injini inayozunguka taratibu hautoshi kuisukuma. Hewa haiji, dizeli inaendelea kumwagika ndani ya silinda, na isiyopata hewa ya kuungulia hutoka ikiwa moshi mweusi. Shemeji alipanda huku utingo akitembea kando na kigingi mkononi, tayari kuzuia tairi. Nyuma yao foleni ilipiga honi.

Fundi akasema dawa ni kuongeza dizeli kwenye pampu. Akaongeza. Sasa gari likawa linachemsha, maji ya rejeta yanatoka kwa kishindo, na dizeli ya safari moja ikala faida ya mzigo wenyewe. Mwenye saruji alichoka kusubiri, akahamishia kazi kwa mwenye gari jipya. Dawa za mume wangu, ada za watoto na rejesho vikawa vinagombea noti zilezile.

Tukabadili gereji. Huko tukaambiwa kinyume: tatizo ni ukubwa, wekeni ndogo. Tukaazima fedha kwa ndugu, tukaweka ndogo, ya injini ya lita chache. Siku za kwanza tulishangilia, maana gari liliitika mara tu unapokanyaga mafuta. Lakini kwenye tambarare, mizunguko ilipopanda, injini ilijisikia imekabwa koo. Moshi ulikuwa mwingi kuliko tundu la kutokea, ukarundikana nyuma ya vali, joto likapanda. Tabo hiyo haikudumu. Feni yake ilipasuka tukiwa tumeshafika nyanda za juu, na vipande vikaishia ndani ya intakula.

Nakiri kwamba nililia. Tulikuwa tumenunua tabo mbili, na gari lilikuwa limesimama uani kwetu, kuku wanalala chini ya tela. Mume wangu, ambaye maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, alinitajia mtu mmoja tu: mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari aliyemfundisha ujanani.

Nilimkuta bustanini kwake. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, binti yangu. Wameniambia mnanunua tabo kama watu wanavyonunua matikiti, kwa kuyatazama ukubwa." Hakutaka kuona tabo hata moja. Alitaka kujua mambo matatu: injini ina lita ngapi, dereva anaiendesha kwa mizunguko mingapi, na barabara inapita wapi.

Akachukua daftari langu la mapato, akaandika ukurasa wa nyuma. Injini ya mipigo minne hunyonya ujazo wake mara moja katika kila mizunguko 2. Kwa hiyo lita 11 kwa mizunguko 1,800 kwa dakika ni lita 9,900. Silinda hazijai kabisa. Chukua asilimia 90, unapata kama lita 8,900. Tabo ikiongeza presha ya baa 1 juu ya hewa ya kawaida, hewa inayoingia inakaribia kuwa mara mbili. Ukitoa kidogo kwa ajili ya joto linalobaki hata baada ya intakula, injini yetu inataka karibu lita 16,000 za hewa ya nje kila dakika, sawa na kilo 19 hivi. Mlimani, kwa mizunguko 1,100, inataka kama lita 10,000 tu. "Tabo yako," alisema, "lazima iwe na raha kwenye namba zote mbili. Ile kubwa ilikuwa haijaamka kwenye 10,000. Ile ndogo ilikuwa imeshaishiwa pumzi kabla ya 16,000."

Kisha akafika kwenye jambo ambalo gereji zote mbili hazikuligusa: mwinuko. Dar es Salaam hewa ina presha ya karibu baa 1. Njombe mjini, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ina kama baa 0.8. Ili injini ipate jumla ya baa 2, tabo ikiwa Dar inazidisha presha mara 2, lakini ikiwa Njombe inapaswa kuizidisha mara 2.5. Kazi hiyo ya ziada inafanywa kwa kuzunguka kasi zaidi. Tabo ndogo iliyokuwa tayari ukingoni kule pwani, huku kwetu ilivuka mpaka wake na kupasuka.

Akatuonyesha pia mahali pa kusoma. Kwenye tabo za Holset, kava la upande wa moshi huwa na namba ya eneo la koo lake kwa sentimita za mraba. Za Garrett hutumia uwiano wa eneo na nusu kipenyo. Namba ikiwa ndogo, tabo inaamka mapema lakini inakaba juu. Ikiwa kubwa, inapumua juu lakini inachelewa chini. Boliti kukaa sawa hakukuambii lolote kati ya hayo.

Tabo ya kwanza iliyokufa ilikuwa bado stoo. Tulifuta masizi kwenye kibao chake, tukasoma namba ya spea. Ukubwa wake ulikubaliana na hesabu ya Mwalimu. Tukatafuta iliyofanyiwa ukarabati yenye feni na kava vya vipimo hivyohivyo, tukaipata.

Mwalimu alikataa ifungwe kabla ya kujua nini kiliua ile ya mwanzo. Bomba la kupeleka oili kwenye tabo lilikutwa limeziba kwa kaboni; shafti ilikuwa inazunguka kavu. Tukabadili bomba, oili na filta, tukaosha intakula, vikatoka vipande vya feni, na pampu ya dizeli ikarudishwa kwenye kipimo chake. Tabo ikajazwa oili kwa mkono kabla ya kuwasha injini. Mwisho akafunga geji ya joto la moshi kabla ya tabo. Mafundi wengi wa malori huchukulia nyuzi 700 hivi za Selsiasi kuwa mwanzo wa hatari. Shemeji akaagizwa apunguze mafuta mapema.

Kitonga tuliipanda na saruji, geji ikiwa chini ya nyuzi 700 na maji yakiwa yametulia. Dizeli ya safari ikarudi ilivyokuwa enzi za mume wangu. Mwenye saruji aliturudia kidogo kidogo, na rejesho la mwisho nililipeleka mimi mwenyewe.

Ndugu yangu mwenye lori la zamani, kabla hujatoa fedha, tafuta kwanza kilichoua tabo ya zamani, na usitupe kibao chake. Mpe fundi lita za injini, mizunguko unayoendeshea na mwinuko wa barabara yako. Akikujibu kwa kusema tu kwamba kubwa ndiyo nguvu, mshukuru kwa heshima, funga pochi yako, utafute fundi mwingine.