Farasi na hema Kilimanjaro: Wapi familia ilale, wapi isithubutu

ASUBUHI isiyo na mawingu, ukisimama Kiboriloni karibu na soko, Kibo inaonekana kama iko nyuma ya nyumba ya jirani. Wauza mitumba wanafungua mabelo, daladala za Himo na Marangu zinaita abiria, na kushoto barabara inapanda kwenda Kikarara, Tsuduni na Kidia, Old Moshi. Ukiifuata hiyo barabara unaingia kwenye migomba, kisha kahawa, na juu kabisa unakutana na ukingo wa msitu.

Mtoto wa hapa anauona mlima kila siku, lakini anaweza kumaliza shule ya msingi bila kulala hata usiku mmoja karibu na msitu wake. Likizo ya Juni au Desemba ikifika, anaanza kuomba. Siku hizi ombi limeongezeka kitu. Ameona kwenye simu ya mama familia za ng'ambo zikiingia msituni na farasi, zikifunga hema kando ya kijito, farasi wakila majani pembeni. Anauliza: "Baba, kwa nini na sisi tusiende hivyo?"

Swali ni zuri na linastahili jibu kamili, si "acha mambo ya Wazungu."

Jibu linaanzia kwa wagumu. Kila mfuko wa unga, mtungi wa gesi na hema linalopanda Kilimanjaro liko kichwani au mgongoni mwa mtu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 6, 1889, vitu vyao vilikuwa vimebebwa na wapagazi tangu pwani. Leo kikomo cha mzigo wa mgumu mmoja ni kilo 20. Farasi mzima wa kilo 400 anaweza kubeba takriban moja ya tano ya uzito wake, yaani kilo 80. Fanya hesabu ya haraka: farasi mmoja ni wagumu wanne. Kwa mgeni hiyo ni nafuu, lakini kwa nyumba nyingi za Kiboriloni, Mweka na Marangu hao wanne ni baba, kaka na wajomba wanaolipa ada za shule.

Lakini si ajira ya wagumu iliyowaweka farasi nje ya mlima huu. Ni magonjwa.

Misafara ya zamani kutoka pwani haikutegemea farasi kwa sababu mbung'o waliwamaliza njiani kwa nagana, ugonjwa wa jamii moja na malale ya binadamu. Aliyepona mbung'o alikutana na adui mdogo zaidi: usubi. Wadudu hawa, ambao huwezi kuwaona vizuri bila kukaza macho, hueneza ugonjwa wa virusi unaoitwa tauni ya farasi ya Afrika. Farasi anapata homa, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na katika hali kali anaweza kufa ndani ya siku chache. Chanjo ipo, lakini matibabu ya kuviua virusi vyenyewe hayapo.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba pundamilia huweza kuwa na virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote. Jambo hilo liliwatia Wajerumani tamaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Fritz Bronsart von Schellendorff aliendesha shamba karibu na Kilimanjaro, akikamata pundamilia kwa matumaini ya kupata mnyama wa kazi asiyeuawa na maradhi ya huku. Mpango haukufika mbali. Pundamilia akishikwa anang'ata na hakuachii kirahisi, mgongo wake haukuzoea mzigo, na hana subira ya punda. Baadaye Kenya, upande wa Nanyuki, walizalishwa chotara wa farasi na pundamilia wakabebeshwa mizigo Mlima Kenya. Hata hao hawakuenea.

Sasa rudi kwenye lile hema la kwenye simu. Usubi huuma zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na hupenda mahali penye unyevu na joto la wastani. Ndiyo maana wafugaji makini wa farasi nchini huwaingiza bandani jioni. Kupiga kambi ni kufanya kinyume chake: farasi yuko nje usiku kucha. Msitu wa kusini mwa Kilimanjaro, ule ulio juu ya Kidia na Mweka, ni wa mvua nyingi, katika baadhi ya maeneo zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa farasi, hilo ni shimo.

Hapo bado hujafika kwenye kelele. Kila aliyelala karibu na msitu huo anaijua sauti ya perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye akianza kupiga mayowe usiku unadhani kuna mtu anakabwa. Mtoto atashtuka, atamkumbatia mama, atacheka kesho yake. Farasi hacheki. Ni mnyama wa kuwindwa, na kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Akikata kamba usiku katikati ya mizizi na makorongo, atavunjika mguu, na kwa farasi mguu uliovunjika mara nyingi ndio mwisho wa maisha.

Tena msitu huu si pori la kujiingilia. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2005 mpaka wake ukashushwa kuuchukua msitu mzima. Wazee wa Old Moshi bado wanalizungumzia eneo la nusu maili, ule ukanda uliotengwa enzi za mkoloni ili wanavijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Maji ya mifongo na mabomba ya Moshi yanatokana na mlima huu. Udongo wake ni laini, na kwato zenye chuma zikipita njia ileile siku tatu mfululizo wakati wa mvua, njia inageuka mfereji.

Kwa hiyo msitu uende kwa miguu, na unawezekana hata kwa watoto. Kutoka lango la Marangu, karibu mita 1,900, hadi Mandara, kama mita 2,700, ni mwendo wa saa tatu au nne kwa mtu mzima, chini ya miti yenye ndevu za ukoka na mbega weupe wakiruka juu. Mtoto apewe muda zaidi na chakula cha njiani kisichohitaji sahani. Ndizi za kuchoma zinatosha. Kuelekea kileleni umri wa chini ni miaka 10. Mandara ni nyumba za mbao, si mahema, na kwa usiku wa kwanza wa mtoto mlimani hilo ni jambo la heri.

Na farasi? Wapo, ila upande mwingine. Ukitoka Kiboriloni ukapita Moshi mjini hadi Boma Ng'ombe, ukakata kulia kwenda Sanya Juu na Ngarenairobi, migomba inaisha na mlima unakugeuzia ubavu mkavu. Huku Siha na tambarare za Magharibi ya Kilimanjaro upepo ni mwingi, nyasi ni fupi, na jicho linaona mbali hadi Longido. Nchi hii inamfaa farasi. Ipo pia mashamba ya upande wa Machame na kuelekea Usa River yanayofuga farasi na kupokea wageni, wengine kwa saa moja tu.

Wazazi wasichanganye mambo mawili hapa. Safari za siku kadhaa zinazovuka tambarare na kulala kwenye mahema ni za watu wanaojua kupanda hasa. Maeneo hayo, ikiwemo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, yana tembo na nyati, na mpandaji anatakiwa aweze kumkimbiza farasi bila kudondoka iwapo tembo ataamua kuwafukuza. Mtoto aliyepanda farasi mara mbili katika maisha yake hapaswi kuwa hapo. Mwenye shamba anayekubali bila kuuliza uzoefu wa mtoto, ni bora kumuaga kwa heshima na kwenda kwingine.

Kinachoifaa familia ni kitu cha kati: kupanda farasi mchana ndani ya shamba au kando yake, kisha kulala hemani kwenye uwanja wa shamba huku farasi wakirudi bandani. Watoto watasikia kwato, watanusa jasho la farasi, watasaidia kumpiga brashi. Watashangaa pia anavyokula. Mtoto wa Kichagga anajua kazi ya kukata majani ya ng'ombe wa ndani, lakini farasi ni mzigo wa aina yake. Hacheui, na anatakiwa kula kidogo kidogo karibu siku nzima, kilo nane hivi za nyasi kavu kwa farasi wa kilo 400. Maji ni ndoo moja hadi mbili kubwa, na kukiwa na jua kali zaidi ya hapo. Hawezi kutapika. Akila kitu kibaya, tumbo humuua, kwa hiyo mtoto asimpe andazi wala maganda ya ndizi bila kuuliza.

Kabla ya kulipa, uliza farasi walichanjwa lini dhidi ya tauni ya farasi. Angalia mgongo wake chini ya tandiko. Kidonda hapo kinaeleza tabia ya mwenye mnyama kuliko maneno yake yote. Kisha mfundishe mtoto mambo machache usiku mmoja kabla ya safari. Farasi anafuatwa kwa begani, hasogelewi kwa nyuma, na anasemeshwa kabla ya kuguswa. Kamba haizungushwi mkononi hata mara moja, kwa sababu farasi akishtuka atauvuta mkono pamoja nayo. Simu ibaki mfukoni, maana wazazi wengi hupiga picha pale ambapo wangepaswa kumwangalia mtoto.

Viatu vinapatikana Kiboriloni kwa bei ya kuzungumza. Tafuta buti lenye kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa. Lile la kupandia mlima, ambalo wagumu wanalitafuta kwa hamu, linaweza kunasa kwenye kikuku, na mtoto akianguka mguu ukabaki humo ataburutwa. Suruali ndefu isiyo na mshono mnene kwa ndani inazuia michubuko. Kofia ngumu ya kupandia farasi isinunuliwe mtumba: ikishapigwa na ajali moja, ufa wa ndani hauonekani. Waulize wenye shamba, wengi wanazo za kuazima, na ijaribu kichwani hadi isicheze.

Kuhusu majira, Machi hadi Mei si wakati wake. Matope yanateleza, usubi wanazidi na hema halikauki. Juni hadi Oktoba kuna baridi usiku, hasa Julai, lakini njia ni kavu.

Kwa familia inayotaka kitu chenyewe, yaani farasi wa mizigo, mahema na milima isiyo na watu, Afrika Mashariki ina mahali pake: Milima ya Bale, kusini mashariki mwa Ethiopia. Huko farasi si wa wageni. Waoromo wa Bale wanawapanda kwenda sokoni, arusini na mazikoni. Sababu ya farasi kustawi kule ni ileile inayowashinda huku, ila imegeuzwa: ni nyanda za juu zenye majani na baridi inayowapunguza usubi, na watu wanaishi humo. Kilimanjaro watu wanaishi chini, msitu wa mvua uko katikati, na majani ya Shira yako juu ya msitu huo.

Safari huanzia Dinsho, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Familia hukodi farasi pamoja na wenyewe, watu waliokua nao. Mizigo hufungwa kwenye farasi wa mizigo, na mtoto aliyechoka hupandishwa juu ya mpole zaidi, kamba ikishikwa na mwenyeji anayetembea mbele. Mbwa mwitu wa Ethiopia, mwekundu na adimu, huonekana akiwinda panya kwenye majani mchana kweupe. Msitu wa Harenna uko chini, upande wa kusini, na kahawa inaota humo yenyewe.

Hatari ya Bale haitoki kwenye kwato, inatoka kwenye urefu. Tambarare ya Sanetti inapita mita 4,000, na mtoto kutoka Kiboriloni, kulikoinuka chini ya mita 1,000, atahitaji siku mbili za kulala Dinsho kabla ya kupanda. Akilalamika kichwa, akatapika au akakataa chakula, anashushwa siku hiyohiyo, hata kama farasi wameshafungwa mizigo na hela imeshalipwa.