Kilima Kinachotembea

Sisi watu wa Mpepai twaijua milima iliyokaa mahali pake tangu zama za babu zetu. Kwa hiyo twalitamani kukiona kwa macho yetu kilima kisemwacho kuwa kinatembea. Twaliondoka kwa gari alfajiri, mwezi wa Februari, tukapita Mbinga, Songea, Njombe na Iringa, tukashika njia ya Dodoma hata Arusha. Siku ya nne twalifika nchi ya Ngorongoro, karibu na bonde la Olduvai.

Twalidhani tutaona mchanga mweupe, kama ule wa ufuoni mwa ziwa letu pale Mbamba Bay. Kumbe, ni mweusi! Ni majivu yaliyorushwa zamani na moto wa Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa lugha ya Wamasai. Upepo wa mashariki umeyakusanya yakawa lundo lenye umbo la mwezi mwandamo, lipatalo mita 9 kwenda juu na mita 100 kwa urefu. Upepo huzipandisha chembe mgongoni mwa kilima, nazo huporomoka upande wa pili. Ndivyo kinavyosogea mita zipatazo 17 kila mwaka. Vigingi huonyesha kilipokuwa miaka iliyopita. Wamasai hupaheshimu mahali hapo, nasi hatukukanyaga juu yake.

Pamoja nasi alikuwamo kijana wetu, aliyekuwa ameshindana na mama yake juu ya shamba la mteremkoni. Yeye alitaka kuziacha ngoro, akisema kazi yake ni nzito mno, mama alikataa. Pale mchangani alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza kiongozi wetu, "Ni nini kiwezacho kuuzuia?" Akajibiwa, "Majani, kama yangekuwapo."

Nasi tukazikumbuka ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba. Wanawake huyafukia kwa udongo, shimo likabaki katikati. Mvua hutulia humo, wala udongo hauteremki. Kwa njia hiyo Wamatengo wamelima miteremko mikali vizazi vingi, nayo ingali yatoa maharage na mahindi.

Twaliporudi nyumbani, Machi ilikuwa imefika. Kijana alishika mundu kabla mama hajamwita. Nanyi wenye mashamba mteremkoni, utazameni mto wenu baada ya mvua: maji yakiwa mekundu, jueni kwamba kilima chenu nacho kimeanza safari.