Gurudumu Dogo na Hesabu ya Meno

Hapa Mkomani pamezoeleka usemi kwamba baiskeli ya kukunja ni ya mchezo, na kwamba mwenye magurudumu madogo hamfikii mwenye magurudumu makubwa. Lau ungekuwa usemi wa barazani tu, tungeuacha upite. Lakini mwaka huu ulikaribia kumgharimu kijana mmoja riziki yake, ndipo tukaona vyema kuuandikia.

Kijana huyo ni mwanafunzi wetu wa zamani, mtoto wa mjane. Kila alfajiri, baada ya sala, huvuka Daraja la Nyali kwenda kibaruani mjini. Baiskeli kubwa aliyoachiwa na marehemu babake iliibwa mlangoni, kwa kuwa chumba wanachopanga hakina nafasi ya kuilaza ndani. Mamake akajinyima, akamnunulia ya mtumba, ya kukunja, yenye magurudumu ya inchi 20, ambayo usiku hulala chini ya kitanda. Ikawa anapiga pedali kwa nguvu zake zote na bado anachelewa, hata msimamizi wake akamwonya. Wenzake wakamshauri aiuze. Akatujia akasema, "Maalim, niambie kweli. Niiuze?"

Tukamwambia, "Mwanangu, kwanza tuhesabu meno."

Gurudumu la inchi 28, la baiskeli zile za kale, likizunguka mara moja huenda mita 2.2 hivi, la inchi 20 huenda mita 1.5. Lakini mguu hauzungushi gurudumu wenyewe. Huzungusha duara la meno la mbele, na mnyororo ndio uvutao lile la nyuma. Ukigawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, utajua gurudumu huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa pedali. Baiskeli kubwa yenye meno 44 mbele na 20 nyuma huenda karibu mita 4.8 kwa mzunguko mmoja. Ya kijana wetu ilikuwa na meno yayo hayo, 44 na 20, basi ikaenda mita 3.3 tu. Kwa mizunguko 60 ya pedali kwa dakika, ya kwanza hupata kilomita 17 hivi kwa saa, na yake 12. Gurudumu halikuwa na kosa. Lilifungiwa meno yasiyolifaa.

Mwingereza Alex Moulton aliliona jambo hili zamani. Mwaka 1962 alitoa baiskeli ya magurudumu madogo, isiyokuwa ya kukunja, yenye tairi zilizojazwa upepo sana na springi za kupunguza mitikisiko. Mwaka 1986 baiskeli ya Moulton, ikiwa imefunikwa ganda la kukata upepo, ilipita kilomita 80 kwa saa.

Kijana aliposikia hayo, akataka afungiwe meno 52 mbele. Mamake akatuambia, "Sheikh, mkataze, atajimaliza magoti." Neno lake lilikuwa na hoja. Kadiri baiskeli inavyokwenda mbali kwa mzunguko mmoja, ndivyo inavyokuwa nzito kuiondoa ikiwa imesimama, na nzito zaidi darajani upepo wa kusi unapovuma. Kasi na wepesi havipatikani vyote kwa ukamilifu katika gia moja. Huna budi kupima.

Tukaafikiana meno 44 ya mbele yabaki, na nyuma yafungwe 16. Fundi akaupunguza mnyororo, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Sasa kila mzunguko wa pedali humpeleka mita 4.1, karibu kilomita 15 kwa saa kwa mwendo ule ule wa miguu. Kilomita 5 zilizomchukua dakika 25 humchukua 20, na dakika hizo tano ndizo alizokuwa akidaiwa kazini.

Anayetaka kufuata njia hii na azingatie mambo matatu. Gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo kubwa hulivuka, basi apunguze mwendo palipoharibika. Tairi ziwe na upepo wa kutosha. Na kila asubuhi, kabla ya kupanda, akague komeo la pale inapokunjikia. Likifunguka njiani, hesabu zote hizi hazitamfaa kitu.

Mama yule hakopi tena nauli ya mwanawe. Na baiskeli ingali inalala chini ya kitanda.