Kikumbo cha Halali

Ndugu msomaji, leo nakuomba twende pamoja mbali kidogo, mpaka nchi za baridi, tukatazame mchezo ambao huenda hujapata kuuona kwa macho yako. Tukirudi utaniambia mwenyewe kama ni mbali kweli.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Watu wa Canada huupenda kama sisi tupendavyo kandanda, na mtoto wa huko hufundishwa kusimama juu ya barafu angali mdogo sana. Ligi kubwa kuliko zote huitwa NHL, na timu zake ni za Canada na Marekani. Uwanja wake una urefu wa meta 61 na upana wa meta 26, umezungushiwa ukuta mgumu pande zote. Kila upande huwa na watu 6 uwanjani pamoja na mlinda mlango, nao hawagombei mpira wa mviringo, bali kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Chini ya viatu vyao wamefunga vyembe vya chuma, na kwa vyembe hivyo huteleza upesi sana.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kwa sheria za mchezo huo, mchezaji anayo ruhusa kumpiga kikumbo mwenzake mwenye kile kisahani, bega kwa bega, kifua kwa kifua, hata kumbamiza ukutani. Huo hauhesabiwi ugomvi. Ndiyo kazi waliyoajiriwa. Basi wewe fikiri mtu wa kilo 90, anayekwenda kwa mwendo wa baiskeli iteremkayo mlima, akumbane na mwingine kama yeye.

Mpwa wangu, ambaye anasoma Toronto, alikuja likizo akatuonyesha mambo hayo katika simu yake. Tulikuwa barazani watu 7 au 8. Tukamwona mtu mmoja amekipiga kile kisahani kuelekea golini, mara mwingine akamjia kwa ubavuni akamwangusha kama mgomba. Tukapiga kelele za furaha. Mimi mwenyewe nilipiga paja langu nikasema, "Huyo amekula!" Kijana akanitazama kidogo, akaniambia kwa heshima, "Mjomba, yule alichukuliwa kwa machela."

Nikanyamaza. Kisha nikaanza kuulizia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yule aliyeanguka ni Marc Savard wa timu ya Boston Bruins. Siku hiyo ilikuwa 7 Machi 2010, mjini Pittsburgh. Macho yake yalikuwa yangali yakikifuata kile kisahani alipojiwa na Matt Cooke wa Pittsburgh Penguins, kwa upande asiouona, akagongwa kichwani. Waamuzi hawakutoa adhabu yoyote. Wakubwa wa ligi wakaitazama picha ile tena na tena, nao hawakumfungia Cooke hata mchezo mmoja, kwa sababu sheria kama ilivyoandikwa siku ile haikumkataza mtu kumpiga mwenzake kichwani kwa bega. Kilikuwa kikumbo cha halali.

Neno hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Mtu amelala hana fahamu, na vitabu vya sheria vinasema hakuna aliyekosa! Mwezi ule ule ligi ikatoa amri ya kukataza vikumbo vya namna ile, na msimu uliofuata ikaandikwa kuwa kanuni ya 48. Mwaka 2011 wakaiongezea nguvu. Ni vema, nami siwadharau kwa hilo. Lakini Savard alikuwa amekwisha kupigwa.

Mwezi Mei 2010 alirudi uwanjani, na katika mchezo wake wa kwanza akafunga bao la ushindi. Watu wakashangilia wakidhani amepona. Tarehe 22 Januari 2011, wakicheza na Colorado, akapigwa kikumbo kingine, cha kawaida tu, kama vile vinavyopigwa kila siku. Akaanguka. Hakucheza tena maisha yake, na umri wake ulikuwa miaka 33.

Utauliza, mbona hicho cha pili, kisicho cha ajabu, ndicho kilichommaliza? Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini kilivyo ndani ya yai. Unaweza kulitikisa yai, ganda lisipate hata ufa, na kiini kikavurugika. Kofia ngumu wavaazo wachezaji husaidia sana ganda lisivunjike, lakini haiwezi kukizuia kiini kisitikisike. Tena ubongo uliotikisika wataka kupumzika. Ukipata pigo jingine kabla haujapona, hata likiwa dogo, madhara yake yaweza kuwa makubwa, na pengine ni kifo.

Na kifo kilikwisha kutokea. Tarehe 13 Januari 1968 Bill Masterton wa Minnesota, mwenye miaka 29, aligongwa na wapinzani akaanguka kinyumenyume, kichwa kikapiga barafu. Siku zile karibu wote walicheza kichwa wazi; aliyevaa kofia alionekana mwoga. Masterton akafa siku ya pili yake usiku, akiacha mke na watoto wawili. Mwaka 2011 gazeti la Toronto Star liliandika kwamba huenda kichwa kile kilikuwa kimekwisha kuumia kabla ya mchezo ule, wala hakikutibiwa. Je, wajua ligi ilingoja muda gani kabla ya kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kofia? Miaka 11, mpaka 1979. Nao wa zamani wakaachiwa wafanye wapendavyo, hata mchezaji wa mwisho wa kichwa wazi akastaafu 1997.

Labda utasema hao ni watu wasiojulikana kwetu. Basi kumbuka wale vijana wa Nairobi, waliojifunza mchezo huu katika uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli moja, njia ya Mombasa. Mwaka 2018 walialikwa Canada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huo. Crosby huyo huyo aligongwa kichwa 1 Januari 2011, akaendelea kucheza, na siku 4 baadaye akagongwa tena. Alikaa nje mpaka Novemba. Mwezi Machi mwaka ule ligi ikaagiza kwamba anayedhaniwa ametikisika ubongo atolewe uwanjani, apelekwe katika chumba cha kimya, apimwe na daktari. Asipimwe pale pale bencini mbele ya makelele.

Makelele hayo ndiyo ninayotaka kukuambia. Mimi sidhani kwamba wakubwa wa ligi peke yao ndio waliochelewesha sheria. Nani alilipa kiingilio? Nani aliinuka kitini kila mtu alipobamizwa? Mchezaji husikia. Kijana wa miaka 20 husikia wazi ni jambo gani linalowafurahisha watu, naye atawapa.

Cooke naye, haki isemwe, hakubaki vile vile. Mwezi Machi 2011 alimpiga mtu kiwiko cha kichwa, akafungiwa michezo 10 iliyosalia pamoja na duru ya kwanza ya mashindano ya mwisho. Akasema hadharani kwamba hana budi kubadilika, na msimu uliofuata adhabu zake zilipungua sana. Mtu kubadilisha namna anavyopata mkate wake si kazi ndogo.

Tena yuko padre mmoja katika habari za mchezo huu, nami ningependa umfahamu. Ni Padre David Bauer, Mkanada wa Shirika la Mapadre wa Mtakatifu Basili, aliyeunda timu ya taifa ya vijana wanafunzi na kwenda nayo katika Michezo ya Olimpiki ya Innsbruck, Austria, mwaka 1964. Walipokuwa wakicheza na Sweden, gongo la Mswedi mmoja, Carl-Göran Öberg, lilivunjika, naye akakirusha kipande kuelekea benchi la Wakanada. Kikampata Padre kichwani, damu ikamtoka. Vijana wake wakainuka kwenda kulipiza, naye akawazuia, wakaketi. Kesho yake jioni alimwalika yule Mswedi, wakakaa pamoja kutazama timu nyingine zikicheza. Padre Bauer alifariki mwaka 1988.

Sasa turudi nyumbani, msomaji wangu, maana kuna deni langu.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi nimeongoza timu ya kandanda ya shule. Siku moja tulikuwa tukigombea kikombe na shule ya jirani. Mlinzi wetu aligongana kichwa na mwenzake, akalala. Alipoamka akaniuliza tunashambulia goli lipi. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikammwagia maji kisogoni, nikamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Akarudi mchezoni. Tulishinda, 2 kwa 1, tukaimba njia nzima.

Usiku kijana alitapika mara tatu, na asubuhi hakuweza kuuvumilia mwanga. Mama yake alimfikisha zahanati, ndipo akaja kwangu. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hatua 10 kutoka kwake, mama. Nilimwona.

Kwa neema ya Mungu alipona, lakini majuma matatu hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja bila kichwa kumwuma. Tangu nilipozisikia habari za Savard nimeweka amri: agongwaye kichwa akayumba, au akasahau alipo, hachezi tena siku ile, hata akilia, na akitapika, au kichwa kikizidi kumwuma, au akisinzia ovyo, tunakwenda hospitali bila kungoja asubuhi. Wala harudi uwanjani mpaka daktari aseme.

Jumamosi iliyopita nilimtoa mfungaji wetu kwa sababu hiyo, bado dakika 20. Tulifungwa 3 kwa 2. Wazee wawili wa jumuiya yangu walinijia juu mbele ya watoto, na Jumapili baada ya Misa mmoja wao alipita kando yangu bila kunisalimu. Yule mfungaji alikuja Jumatatu kuniuliza kama bado nimekasirika naye kwa kuanguka.